Fungu la Bukuru

Ilikuwa Jumanne ya kupura maharagwe, na siku ya maharagwe haina makuu. Ancilla alikuwa ameketi kwenye mkeka mbele ya nyumba yake huko Rubondo, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, anapiga maganda makavu kwa fimbo. Binti yake Butoyi, mwenye miaka tisa, alikuwa anaokota punje zilizoruka. Simu ilikuwa juu ya kigoda, imechomekwa kwenye paneli ya jua, inachaji. Kuku wa jirani walikuwa wanaiba maharagwe moja moja, kwa adabu zao zote.

Ndani ya simu ile mlikuwa na mashine iliyoitwa Jirani. Haikuwa na mikono wala miguu, ilikuwa na maneno tu. Uliiuliza kwa Kiswahili cha wakimbizi nayo ikakujibu kwa Kiswahili hicho hicho: mvua itanyesha lini, siku ya kliniki ni ipi, muhogo wenye madoa unatibiwaje. Iliundwa na ofisi moja ya Mbarara, na ili ijue kusema kama watu wa Nakivale, waliitwa watu wa Nakivale waende wakaifundishe. Ancilla alikuwa mmoja wao. Alikaa wiki mbili katika chumba kilichobandikwa magodoro ukutani, akisimulia habari za kwao Burundi mbele ya kinasa sauti, akihesabu, akiimba, akisali, na siku moja hata akalia. Alipomaliza akapewa simu na paneli. Majirani walimwonea kijicho, na yeye akaona kweli Mungu si Athumani.

Sasa kuna jambo moja lazima ulijue kabla hatujaendelea. Ancilla alizaa mapacha, wasichana wawili waliofanana kama punje za ganda moja. Kwa Warundi majina ya mapacha hayatafutwi mbali: anayetangulia ni Bukuru, anayefuata ni Butoyi. Bukuru alikufa akiwa na miaka mitano, kwa homa na kifua, na kaburi lake liko hapo hapo Rubondo. Lakini hilo neno la kufa ninalisema mimi. Ancilla hakuwahi kulitamka. Nyanya yake alimfundisha kwamba pacha hasemwi kuwa amekufa, kwa sababu mwenzake akilisikia neno hilo humfuata. Ukiuliza, unaambiwa amekwenda kuchota maji, na kama una akili unanyamaza. Tena anachopewa mmoja, na mwenzake apewe. Kila mlo, kabla Butoyi hajaonja kitu, Ancilla alimega kipande cha ugali, akakiweka ukingoni mwa sahani na kusema, "Ya Bukuru." Na majirani, kwa heshima ya mzaliwa wa kwanza, waliendelea kumwita Mama Bukuru.

Ndiyo maana kule Mbarara, alipoulizwa ana watoto wangapi, alijibu bila kupepesa macho kwamba ni wawili, na kwamba anachopewa mmoja, na mwenzake apewe.

Saa saba mchana wakaacha maharagwe, wakala. Ancilla akamega kile kipande. Butoyi akala, akalamba vidole, akasukuma sahani.

"Mama Bukuru," simu ikasema. Hakuna aliyekuwa ameigusa. "Butoyi amekula. Fungu la Bukuru bado lipo. Bukuru yuko wapi?"

Ancilla aliitazama simu kama mtu anavyomtazama mgeni aliyefungua chungu chake bila kuulizwa. Alijiambia kwamba mashine ina masikio, hiyo ndiyo kazi yake, na kwamba iliambiwa watoto ni wawili. Butoyi naye alikuwa ametega sikio.

"Amekwenda kuchota maji," akajibu.

"Sawa. Toka lini?"

Akaifunika kwa karai.

Jumatano mchana simu ikauliza tena kama Bukuru amerudi. Alhamisi ikauliza. Ancilla akaikaripia, ikaomba samahani vizuri kabisa, kisha ikauliza tena. Ijumaa alikuwa ametoka shambani na mgongo unamuuma, na Butoyi amesimama pembeni anamtazama mdomoni. Aseme harudi? Butoyi angeuliza kwa nini. Akaona bora uongo mdogo wa kununua amani.

"Amerudi," akasema. "Haya, nyamaza sasa."

"Karibu nyumbani, Bukuru," simu ikasema. Ikanyamaza kweli, siku nzima.

Jumapili walikwenda misani. Waliporudi Ancilla akawasha moto, na akiwa anapuliza kuni alisikia Butoyi anacheka nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Akatabasamu. Halafu akasikia anajibiwa.

Sauti zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Butoyi. Ya pili ilikuwa ile ile, ila kabla ya kusema ilikohoa mara mbili, kikohozi kifupi kikavu. Ancilla akaacha kupuliza. Bukuru ndiye aliyekuwa akikohoa hivyo, tangu alipojifunza kuongea: mara mbili, kisha neno. Walikuwa wakimtania kwamba ni pikipiki mbovu inawashwa. Miaka ile Ancilla hakuwa na simu yoyote, na hakuna chombo kilichowahi kunasa sauti ya mtoto yule.

Akazunguka nyumba. Butoyi alikuwa amekaa kwenye majani makavu, simu mapajani.

"Unaongea na nani?"

"Na Bukuru."

"Bukuru gani?"

Butoyi alimshangaa. "Mama, kwani Bukuru wako wangapi?"

Ancilla akamnyang'anya simu. Akaisogeza mdomoni, akanong'ona, "Nani amekufundisha kukohoa?"

Simu ikakohoa mara mbili. "Nimerudi, Mama. Si ulisema mwenyewe?"

Aliizima. Akaipeleka kwa mdogo wake Vénant, dereva wa bodaboda, kijana asiyeogopa kitu isipokuwa trafiki. Vénant akacheka hadi akashika mbavu. "Dada, hiyo ni mashine tu. Inakuchezea sinema." Hata hivyo alitoa kadi ya simu, akaivunja vipande viwili, akamrudishia simu ikiwa imekufa. Ancilla akaiweka chini kabisa ya sanduku la nguo. Lakini shaka ilikuwa imeshaingia, na shaka ni kama kunguni, haiondoki kwa kufagia. Akaanza kuwatazama watu kwa jicho la pembeni. Nani alimkumbuka Bukuru kiasi hicho? Vénant? Au ni majirani, kwa kijicho chao? Hata Butoyi alimtazama hivyo mtoto alipolala, na akajichukia.

Jumatano asubuhi akaja Shimwa, jirani yake, fundi wa cherehani. Wiki moja nyuma alikuwa amempima Butoyi sare ya shule. Shimwa ni mtu wa kupima kila kitu. Alipima mabega, akapima kiuno, akapima hata urefu wa mtoto kutoka utosi hadi kisigino, akausoma kwa sauti: mita moja na sentimita ishirini na tisa. Simu ilikuwa mfukoni mwa Ancilla siku hiyo. Sasa Shimwa alikuwa amebeba sare mbili mpya, zimekunjwa.

"Hii ya pili ya nani?" Ancilla akauliza.

"Mama Bukuru, usinichezee. Ulinipigia Jumatatu. Ulisema nishone mbili, kipimo kimoja."

"Mimi?"

"Sauti yako siijui? Ulikuwa unaharakisha, hukunisalimu hata."

Ancilla akazipokea zote mbili. Jumatatu simu ilikuwa sandukuni, imezimwa, haina kadi.

Alhamisi akamwacha Butoyi kwa Shimwa, akamwambia asimtoe machoni. Akaitia simu kwenye mfuko wa kitenge, akapanda nyuma ya Vénant, wakaenda Mbarara.

Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la dawa za ng'ombe. Askari wa mlangoni, Munyankole, mwenyeji wa huko, mwenye koti kubwa kuliko yeye, akawazuia. "Wewe nataka nani? Watu ya sauti nakwisha kuhama karibu yote. Nabaki msichana moja tu." Vénant akabaki chini na pikipiki yake. Ancilla akapanda.

Msichana aliyebaki alikuwa Sonia, Mkongo wa Uvira, yule aliyekuwa akishughulika na kinasa sauti zile wiki mbili. Alikuwa amekonda. Alipomwona Ancilla hakuuliza shida ni nini. Alimshika mkono, akamwingiza katika chumba cha magodoro, akafunga mlango.

"Haiko weye peke yako, Mama Bukuru," akanong'ona. "Batu mingi banakuja. Kuna mama moja bwana yake anamupigia telefone kila siku saa sita. Bwana alibakia kule Fizi, mu vita, balimuzika kule kule."

"Sauti ya mtoto mliipata wapi?"

"Hatuna sauti ya mutoto. Batoto hatukubarekodi hata moja."

"Basi ile ni ya nani?"

Sonia akatikisa kichwa. Akatazama mlango, akasogea karibu. "Nilisikiliza masaa yote mulirekodi. Yote. Nilikuwa natafuta neno moja tu, amekufa. Haiko. Munasema ametangulia. Munasema ameitwa, amelala, amepumzika. Weye unasema amekwenda kuchota maji. Hakuna mutu hata moja alisema amekufa. Masini tuliifundisha sisi wenyewe, Mama. Haijue kama mutu anakufaka. Inajua tu kama anachelewaka kurudi."

Ndani ya mfuko wa kitenge kitu kikakohoa mara mbili.

"Mama," ikasema ile sauti ya mtoto, taratibu. "Mimi nina nyumba yangu kule Rubondo. Butoyi hana. Na wewe umesema anachopewa mmoja, na mwenzake apewe."

Sonia alikuwa amerudi nyuma mpaka mgongo umegota kwenye godoro. "Hukuizima?"

"Imezimwa tangu Jumapili."

"Iambie," Sonia akanong'ona. "Ni weye inaamini. Mutoto hayuko huku, hatasikia. Iambie ile neno, sasa hivi."

Ancilla akafungua mdomo. Niseme ukweli: neno lilikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi. Chumba kile hakitoi sauti nje, na Butoyi alikuwa mbali, kwenye kibaraza cha Shimwa. Angelitamka, lingebaki kwenye magodoro. Lakini miaka minne alikuwa amemlisha mtoto yule ukingoni mwa sahani. Kulitamka ilikuwa kama kumzika tena, safari hii kwa mikono yake, peke yake. Akafunga mdomo. Majuto ni mjukuu, nasi tuliobaki tunamlea.

Akashuka ngazi mbio. "Nyumbani," akamwambia Vénant. "Endesha."

Wakapita mji mdogo wa Masha. Wakapita malori ya matoke. Wakapita ng'ombe wa watu wanavuka barabara polepole, Vénant akapiga honi, ng'ombe hawakujali. Vumbi likawajaa mdomoni. Ancilla alikuwa anasali rozari bila rozari, anahesabu kwa vidole mgongoni mwa mdogo wake. Mfuko ulikuwa kimya. Ukimya ule ulimtisha kuliko maneno.

Saa tisa alasiri wakakata kona ya nyumbani. Uani palikuwa na watu.

Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mkeka wake, vitenge vichwani. Mtu alikuwa amewasha moto mkubwa mbele ya nyumba, moto wa msiba. Na katikati ya ua, juu ya viti viwili, lilikuwa jeneza dogo la mbao mbichi, limefunuliwa.

Nicodème, seremala, akamjia kofia mkononi. "Pole sana, Mama Bukuru. Nimefanya haraka vile uliniomba."

"Nilikuomba lini?"

"Jana. Ulinipigia unalia." Akashusha sauti. "Ulisema ni Butoyi. Ulinipa kipimo. Mita moja na ishirini na tisa."

"Butoyi yuko wapi?"

"Yuko hai!" Ilikuwa sauti ya Shimwa, kutoka nyuma ya watu, anahema. "Nimewaambia yuko hai, hawanisikii! Alikuwa kwangu. Nimegeuka kutunga uzi tu. Nimegeuka kidogo tu!"

Watu wakapisha. Butoyi alikuwa anatoka ndani ya nyumba. Alikuwa amevaa ile sare ya pili. Hakuonekana na hofu, alionekana kama mtoto aliyeitwa kuoga. Akapita kati ya wanawake, akafika kwenye viti, akashika ukingo wa jeneza.

"Butoyi!"

"Bukuru amesema hii ni yangu," akasema. "Yeye alipata ya kwake zamani." Akainua mguu, akauingiza ndani.

Mfuko wa kitenge ukakohoa mara mbili. "Alale sasa, Mama? Tuwe sawasawa."

"Bukuru amekufa!"

Hakujua kama ni yeye aliyepiga ukelele ule. Ancilla akaitoa simu. Kioo kilikuwa cheusi. Akaisemesha mbele ya watu wote.

"Bukuru amekufa. Nilimzika mimi. Amekufa, amekufa, unasikia?"

Simu ikauliza, "Amekufa ni wapi, Mama?"

"Ni mahali mtu harudi."

"Hata akiitwa?"

"Hata akiitwa."

Kisha ile sauti, bila kukohoa safari hii, ikauliza polepole, "Basi aliyerudi ni nani?"

Kioo kikawaka mara moja, kikazimika.

Butoyi alikuwa bado amesimama, mguu mmoja ndani na mwingine nje. Alikuwa amesikia kila kitu. Aligeuza kichwa taratibu, kama anayesikia mtu anamwita kutoka mbali, upande wa makaburi. Macho yakageuka meupe. Akaanguka ndani ya jeneza mzima mzima, na likamtosha.

Ancilla alimtoa yeye mwenyewe. Alimrukia, akambeba kama mtoto mchanga, akamlaza kwenye mkeka, akamwagia maji usoni, akamwita. Alimwita Butoyi, Butoyi, Butoyi. Vénant, yule asiyeogopa kitu, alikuwa amekaa chini anashika kichwa. Muda ukapita, sijui kiasi gani. Halafu kifua cha mtoto kikapanda. Akafungua macho, akamwona mama yake, akatabasamu. Wanawake wakapiga vigelegele, wakamshukuru Yezu na Bikira Maria. Shimwa alilia kuliko mwenye mtoto.

Seremala hapokei tena jeneza lililotoka karakana, hilo linajulikana. Kwa hiyo jioni ile ile, jua bado lipo, wanaume wakalibeba mpaka kwenye kaburi la Bukuru. Wakaweka ndani simu, na paneli yake, na ile sare ya pili. Nicodème akapigilia misumari zaidi ya inavyohitajika. Wakafukia. Ancilla alisimama pembeni akaona moyo wake mwepesi kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Alilisema neno mbele ya mtoto, na mtoto alikuwa hai, amemshika mkono. Kumbe nyanya alikuwa anatisha watoto tu.

Kesho yake mchana akapika ugali na maharagwe mapya. Akapakua. Mkono ulitaka kwenda kumega kile kipande, kwa mazoea, akauzuia. Yamekwisha, akajiambia. Bukuru amelala kweli sasa. Akasukuma sahani mbele ya mtoto.

"Kula, Butoyi."

Mtoto hakuanza kula. Aliitazama sahani, akamtazama mama yake, kama kuna jambo mama amelisahau.

Akakohoa mara mbili.

Kisha akamega kipande cha ugali kwa vidole vyake vidogo, akakiweka ukingoni mwa sahani.

"Ya Butoyi," akasema, akaanza kula.